Kazi Niliyomficha Baba kwa Lugha Tano

Jumatatu iliyopita niliamka, nikakohoa. Nilikohoa kwa nguvu, bila woga, kisha nikanywa chai ya moto kabisa na kumwita jirani yangu kwa kelele kutoka upande wa pili wa ua. Ninyi mnaoimba mtanielewa. Kwa miaka ishirini na sita kila asubuhi yangu ilianza kwa kuijaribu sauti taratibu, kama mtu anayepapasa mfuko kuona kama ufunguo bado upo. Sasa ufunguo ukipotea, shauri yake. Nimestaafu.

Vijana wa okestra ya hapa Kamembe mmeniomba niwaandikie jinsi mtu anavyokwenda kuimba nchi za watu. Nitaandika, ila mambo ya mshahara msinitafute. Wala sitawaambia ni lini nilipandishwa kutoka kuitikia nyuma hadi kusimama mbele, kwa sababu mara nyingi nilipandishwa pale mwenzangu alipopata mafua. Nitawaambia kazi yenyewe. Na nitawaambia jambo ambalo siku zote hizo nililiogopa kuliko kusahau maneno jukwaani: baba yangu kujua kwamba mimi ni mwimbaji.

Wengi wenu mnamjua baba, Mzee Ramadhani, fundi cherehani wa karibu na soko. Mtu wa swala tano na suruali zilizonyooka. Mama alifariki nikiwa mdogo, kwa hiyo yeye ndiye aliyenilea, akanipeleka madrasa, akanikalisha pembeni ya cherehani jioni nimsomee herufi za Kiarabu moja moja hadi koo litoe sauti sawasawa. Muziki hakuuchukia kwa maneno mengi. Redio ikianza kuimba aliizima tu, akaendelea na pindo lake.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tatu. Baba alinituma Bukavu nikanunue zipu na vifungo, nami nikavuka daraja la mpaka, Rusizi ya Kwanza, kuingia Kongo na orodha yake mkononi. Zipu nilinunua kwa dakika kumi. Saa tatu zilizobaki nilikuwa kwenye ukumbi mmoja wa Bukavu, mbele ya mwanamke mnene aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Huyo ndiye Maman Béatrice, ambaye sote tulimwita Maman Béa. Alikuwa ameimba hoteli za Ghuba ya Uarabuni miaka mingi, na sasa alikuwa anakusanya waimbaji wa kurudi nao. Nilimwimbia kwa Kilingala wimbo niliouokota redioni kabla haijazimwa. Alinisikiliza, akashusha miwani ya kichwani.

"Sauti iko. Sasa uniambie, wimbo inasema nini?"

Nilicheka. Sikujua.

"Unaona? Unaimba kama kasuku. Kasuku banaiweka mu cage, mu kizimba chake, mama. Rudi juma ijayo, uniletee maana yote."

Kilingala ndicho kilichokuwa lugha yangu ya kwanza ya kazi, na nilijifunza kwa kuvuka daraja kila wiki nikiwa na orodha ya vifungo. Baba alishangaa kidogo kwa nini vifungo vinaisha upesi hivyo.

Maman Béa ndiye aliyenipa kifaa kikuu cha kazi yetu, nacho ni daftari. Siyo simu, watoto wangu. Daftari. Kila mstari wa wimbo wa kigeni uandikwe mara tatu. Mstari wa juu unaandika sauti, kwa herufi zetu, jinsi Mswahili anavyoisikia. Mstari wa kati unaandika maana. Mstari wa chini unaweka alama pale utakapovuta pumzi. "Ya juu ni ya bageni," alikuwa akisema, "ya chini ni ya mapafu. Ya katikati njo yako, yako wewe. Ile bageni habataiona, lakini usipoiandika utajuta." Alikagua madaftari yetu kila Ijumaa kama mwalimu wa darasa la pili, na aliyekuwa na mstari wa kati mtupu hakupanda jukwaani.

Wakati wa kuondoka ulipofika, ilibidi nimwambie baba ninakwenda kufanya nini Dubai. Nilikaa kwenye benchi la wateja tangu asubuhi hadi adhuhuri nikitafuta maneno. Mwisho aliuliza yeye mwenyewe, bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa.

"Na ile kazi, ni kazi gani?"

"Ni ku hoteli, Papa. Ku mapokezi."

"Ya kupokea bageni?"

"Ndiyo. Ya kupokea bageni."

Aliridhika sana. Kwake ilikuwa kazi ya heshima: unakaa, unavaa vizuri, unatumia ulimi. Mimi nilijiambia kwamba sijasema uongo wote, kwa kuwa jukwaa letu lilikuwa ukumbini karibu kabisa na meza ya mapokezi. Mtu akitaka kujidanganya hakosi kipimo cha mita.

Huko Ghuba nilijifunza Kiingereza kwa wahudumu wa jikoni, ndiyo maana hadi leo Kiingereza changu kina nguvu upande wa sahani na matusi. Kiarabu kilikuwa kisa kingine. Koo langu lilikuwa limeshachongwa madrasa na pale kando ya cherehani, kwa hiyo nilipofungua kinywa wageni waligeuka kunitazama. Meneja alidhani nimezaliwa huko. Kumbe niliweza kutamka kila herufi kutoka mahali pake, ila kuomba maji ya kunywa nilikuwa siwezi. Na nilikuwa na aibu. Niliona nimechukua kitu alichonipa baba kwa ajili ya Kitabu, nikakipeleka kwenye ukumbi wenye taa za rangi. Aibu hiyo ilinifanya nizidi kuficha.

Baba alifurahia lugha kuliko kitu kingine. Kila nikipiga simu aliwakusanya wateja. "Sema kidogo mu Kiarabu, batu basikie!" Nami nilisema. Nilichukua mistari ya nyimbo, nikaitamka bila sauti ya muziki, polepole, kama mtu anayemkaribisha mgeni na kumwonyesha chumba. Mistari yenye habibi niliiruka, kwa sababu neno hilo hata Kamembe linajulikana. Upande wa pili nilisikia watu wakisema masha'Allah, na baba akikohoa kikohozi chake cha fahari.

Baada ya miaka sita magoti ya Maman Béa yalimshinda, akarudi Bukavu. Sisi wengine tukapata kazi kusini mwa China, mji wa Guangzhou. Mwenye hoteli alitupa nyimbo arobaini za Kichina na wiki tatu za kuzishika. Ninyi mnaojua kazi mtaona wenyewe kilichotokea. Mkaguzi hayupo, nyimbo arobaini, wiki tatu. Nilijaza mstari wa juu, nikajaza wa chini. Wa kati nikaacha wazi, nikasema nitaujaza nikipata nafasi.

Kuna siri moja ya Kichina ambayo waimbaji wa kigeni tunaipenda. Mchina anaposema, sauti yake lazima ipande na kushuka mahali pake, la sivyo neno si lile. Lakini akiimba, muziki ndio unaopandisha na kushusha. Kwa hiyo ukiimba, hakuna anayekugundua. Wageni walipiga makofi, wengine walikuja kunishika mkono na kuniongelesha, nami nilicheka na kuinama. Nilikuwa mtaalamu wa kuinama.

Siku moja, mchana, niko chumba cha kuvalia napanga wigi, simu ikalia. Ilikuwa baba, na sauti yake ilikuwa juu kwa furaha. Wakati ule Wachina walikuwa wakitengeneza barabara huku kwetu, na fundi wao mmoja alikuwa ameingia dukani na suruali iliyochanika.

"Zuhura! Iko hapa Muchina! Iko mu duka! Chukua, ongea naye!"

"Papa, ngoja kwanza..."

Hakungoja. Nikasikia sauti ya mwanamume ikisema "ni hao", yaani hujambo kwa Kichina. Nikajibu "ni hao". Nikasema asante, nikasema karibu, na hapo Kichina changu chote kikawa kimekwisha. Yule bwana akaniuliza kitu kirefu. Nikanyamaza. Nyuma yake nikamsikia baba akiwaambia watu, "Subirini, anafikiri." Jasho lilinitoka hadi wigi likalowa. Nilijua nikikaa kimya, baba atauliza ni mapokezi gani haya yasiyoweza kumpokea hata mtu mmoja. Basi nikafanya nilivyozoea kufanya. Nilichukua mistari minne ya wimbo wa taratibu ambao wageni waliupenda, nikaitamka kwa adabu, neno kwa neno, mpaka mwisho.

Kisha yule bwana akacheka kicheko kifupi, akasema neno, akarudisha simu; kidogo nikasikia minong'ono tu, kama mtu ameifunika kwa kiganja.

"Ni vizuri," baba akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Bon. Utumike vizuri, mama. Nakuombea."

Akakata. Nilikaa juu ya sanduku la nguo nikashusha pumzi. Nilidhani nimepona.

Hata hivyo nilikuwa nimeogopa vya kutosha, nikaamua sitashikwa tena hivyo. Mwalimu wangu alikuwa Bi Lin, mwanamke wa dobi la hoteli, aliyepiga pasi nguo zetu za jukwaani. Hakujua neno la Kiswahili wala Kiingereza, na hakuwa na subira hata kidogo. Alinifundisha kwa pasi. Sauti iliyonyooka, aliisukuma pasi moja kwa moja juu ya kitambaa. Inayopanda, aliivuta pasi juu kuelekea bega la shati. Inayozama na kuinuka, aliizungusha kwenye kola. Inayoshuka, aliishindilia mezani mpaka nikaruka. Nikikosea alinipa pasi mwenyewe nirudie, na ndiyo maana baadhi ya mashati ya mpiga gitaa wetu yaliungua. Ilinichukua miaka miwili, saa moja kila mchana, na mvuke wa kutosha kunitibu mafua yote ya maisha.

Nilipokwisha kukijua Kichina, nilifungua lile daftari na kuanza kujaza mstari wa kati. Wimbo wa kumi na saba ulikuwa ule niliomsomea fundi wa barabara. Niliandika maana yake: usiende, kaa nami usiku huu, mwili wangu umeshakuzoea, ukiniacha nitakufa. Damu ilinipanda usoni. Nilikaa mle dobini, Bi Lin akaniuliza kama nimeungua. Kisha nikajipa moyo. Yule fundi alikuwa mpita njia. Baba hajui Kichina. Wamecheka, wamesahau. Nikafunga daftari.

Jambo moja tu nililiona, na sikulitilia maanani. Tangu siku ile baba hakuniomba tena kusema lugha. Nilipohamia Uturuki na kuanza Kituruki nilimwambia mimi mwenyewe, nikitegemea aite watu. Alisema, "Ni vizuri, mama. Nakuombea," akakata simu. Nilipokuja likizo, kila baada ya miaka miwili, alinipokea vizuri, akanishonea gauni refu la heshima kila mara, akanitazama sana na kuuliza machache. Nilisema ni uzee. Kusema kweli nilifurahi, kwa sababu sikuwa na haja ya kudanganya tena.

Kituruki sina malalamiko nacho. Ni lugha ya kushikiza vipande mkiani mwa neno, na Mswahili aliyezoea kuvishikiza kichwani hababaiki sana. Nilikaa huko miaka tisa, pwani, nikiwaimbia watalii wanaokula. Mwaka jana sauti ilianza kukwaruza. Daktari aliingiza kamera kooni, akanieleza alichokiona, nami nilimwelewa kila neno bila mkalimani. Hakuna uvimbe. Nyuzi zimechoka, zinahitaji kupumzishwa, na zikipumzishwa kidogo tu zitachoka tena. Nilimwuliza, je, nikizipumzisha moja kwa moja? Akacheka, akasema hilo ndilo angemshauri mama yake. Nilitoka pale mwepesi. Nilinunua tikiti ya kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Sasa nimefika kwenye sehemu ngumu. Mliponiomba pia nije kuwafundisha kuimba ukumbini kwenu, nilijua habari zitamfikia baba ndani ya siku mbili. Kamembe mnaijua. Nikaona afadhali azisikie kutoka kwangu. Wiki iliyopita, baada ya swala ya alasiri, nilikwenda dukani. Bado anashona kidogo, mapindo na vifungo tu, kwa sababu macho yamepungua. Mbele ya duka, ng'ambo ya kichochoro, Maman Chantal, yule mfanyabiashara wa Bukavu anayeuza vitenge, alikuwa anapanga mali yake. Nilikaa kwenye benchi la wateja.

"Papa, niko na neno."

Aliondoa mguu kwenye kanyagio. Nami nikakaribia kunyanyuka niondoke.

"Ile kazi ya mapokezi. Nilikudanganya. Sikuwa mu mapokezi hata siku moja."

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Mama, usiseme. Mungu amekurudisha, iko imeisha. Usiniambie, ninakuomba."

"Papa, lazima niseme. Nilikuwa naimba."

Alinitazama. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Unasema?"

"Nilikuwa mwimbaji. Mu hoteli. Kuimba nyimbo, bageni banakula."

"Kuimba?"

"Kuimba, Papa. Unisamehe."

"Na ingine?"

"Hakuna ingine."

"Kuimba tu?"

"Kuimba tu."

Aliinamisha kichwa juu ya cherehani, na kwa muda sikujua kama anacheka au analia. Alikuwa anafanya yote mawili. Ndipo akanieleza, kipande kwa kipande. Siku ile fundi wa barabara aliporudisha simu, baba alimwuliza nimemwambia nini. Yule bwana alikuwa na maneno machache ya Kiswahili. Aliona haya, akaweka mkono kifuani, akasema: "Penda. Usiende. Usiku, kaa hapa." Wateja waliokuwepo walitazama chini. Hakuna aliyecheka.

"Nikasema mu roho yangu: mutoto wangu hajui Kichina. Anajua ile maneno tu. Sasa ni kazi gani yenye banafundisha mutoto ya mwanamuke ile maneno tu?" Alijifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha suruali ya mtu. "Na batu bananiulizaka, Zuhura iko wapi, nasema iko ku mapokezi. Myaka kumi na tisa. Sikukuuliza, juu ya kuogopa utanijibu."

Nilikuwa nimemlinda dhidi ya neno dogo, nikamwacha na kubwa alibebe peke yake, na kila gauni refu alilonishonea sasa nililielewa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona hata mbele ya Maman Béa. Nilimwambia hivyo.

"Kuimba sitaki," akasema, na ukali wake wa zamani ukarudi kidogo. "Ata leo sitaki. Ungeniambia, ningekasirika mwezi moja. Labda miwili." Kisha uso wake wote ukafunguka. Alisimama, mzee wa miaka themanini, akashika nguzo ya mlango na kumwita mtu wa ng'ambo kwa sauti ambayo sikujua bado anayo.

"Maman Chantal! Maman Chantal, kuja usikie! Alikuwa anaimba!"

"Nani, Mzee?"

"Zuhura! Mutoto wangu! Kule kote alikuwa anaimba tu! Ni mwimbaji!"

Watu walisimama kichochoroni. Mwenye duka la simu alitoa kichwa nje. Baba aliwaambia mmoja mmoja, na waliopita bila kusimama aliwafuata hatua mbili tatu akawaambia na wao, mimi nikiwa nimekaa palepale kwenye benchi la wateja, nimeshika suruali ya mtu isiyokwisha kushonwa.